Mshika Kichwa Aliposema Basi

HARUSI KASIMAMA JAMANI! Kasimama! Miguu yote minne, mara moja tu, bila kupepesuka, akapiga chafya akamlowesha Mama Hosiana uso mzima mbele ya Busale yote! Waliokuwepo wanajua. Ambaye hukuwepo kaa vizuri, maana habari yenyewe inakera kwanza ndiyo inafurahisha.

Harusi ni farasi. Ndiyo, farasi, Kyela hii hii! Anyelwisye, yule mfanyabiashara wa Mbugani mwenye ndugu Karonga, alimvusha mpakani mwaka juzi awe anabeba maharusi, na tangu hapo bibi harusi akija kanisani na gari watu wanamuonea huruma. Sasa juzijuzi upepo uling'oa bati, likampasua farasi bega. Kidonda kikaoza, kikatoa harufu. Bahati nzuri Busale kulikuwa na kambi ya madaktari wa mifugo kutoka mbali, wamekuja na mashine ya gesi ya usingizi. Mashine kabisa, ina mapafu yake ya mpira yanavimba na kunywea!

Na Mama Hosiana je? Jina lake Tulinagwe, mwanamke wa Ipyana, mlima mpunga, na ndiye mshika kichwa. Kazi kairithi kwa baba yake. Huku ng'ombe akihasiwa au akikatwa pembe, lazima mtu mmoja akae kichwani, aweke vidole kwenye mshipa chini ya taya, asikilize. Na sheria ni moja: mshika kichwa akisema "basi", kisu chini. Hata kama umebakiza uzi mmoja. Yeye ndiye anamsikia mnyama, nyie wengine mnaona nyama tu.

Basi, Harusi akachomwa sindano, akalala juu ya magunia ya pumba za mpunga, mpira ukapitishwa kooni, gesi ikafunguliwa. Mama Hosiana akakaa kichwani. Daktari Sylvester akakata.

Mshipa ukaruka! Ulikuwa unatembea polepole kama mzee anaenda shamba, ghafla ukaanza kukimbia.

"Daktari, anaumia huyu."

"Mama, amelala. Huoni?"

"Kulala naona. Nasema anaumia."

"Haya, naongeza gesi." Akazungusha kitufe. Yale mapafu ya mpira yakaanza kuvimba kwa shida, pumzi zikawa za kuhesabu. Kisu kikarudi, mshipa ukakimbia tena, safari hii mwembamba kama uzi.

"Utamzimisha na gesi yako! Hamna dawa ya maumivu?"

"Ipo mofini. Imefungiwa kwenye sanduku, funguo anayo Daktari Jubilate, kaenda kula. Ile ni dawa kali mama, si ya kuchezea. Farasi akipewa anaweza kuamka amechachamaa, ajivunje miguu. Utumbo nao unaweza kugoma."

Kwa hiyo dawa IPO! Ipo hatua ishirini kutoka hapo, kwenye sanduku, inakula kivuli!

Watu wakaanza kucheka. "Mama Hosiana anataka farasi alewe!" Ezroni, fundi baiskeli, akadakia: "Mwekeeni na muziki basi!" Hata Anyelwisye mwenye farasi wake akasema, "Dada, muache daktari amalize. Mnyama hata hatakumbuka."

Hapo alikosea.

Maana Mama Hosiana anakumbuka. Miaka kumi na tisa iliyopita alizaa kwa kupasuliwa, akapigwa nusu kaputi. Macho yalifunga, mkono haukuinuka, mdomo haukufunguka, ila kila kitu alisikia. Kisu alikisikia. Sindano ya kushonea aliisikia, inaingia, inatoka. Waliokuwa wanamshona walikuwa wanabishana kama mvua itanyesha. Alipoamka akawaambia. Wakamjibu, "Umeota, mama." Mumewe, umeota. Mama mkwe, umeota, shukuru Kyala mtoto mzima. Miaka kumi na tisa anaambiwa ameota! Mtu ana kovu tumboni, anaambiwa ndoto!

Akaangalia lile jicho la farasi limetulia tu, halisemi kitu. Akasema:

"Basi."

Waliokuwa wameshika miguu wakaachia. Wote. Kicheko kikakatika. Daktari Sylvester akabaki na kisu hewani.

"Mnafanya nini? Shikeni!"

"Kasema basi, daktari," Ezroni akajibu, na hakuwa anatania tena.

"Mimi ndiye daktari hapa!"

"Na mimi ndiye niko kichwani," Mama Hosiana akasema. "Kamuite mwenye funguo."

Daktari Jubilate, dada mwembamba, alikuja mbio na ndizi mkononi. Akaweka vidole pale vilipokuwa vya Mama Hosiana, akahesabu mapigo, akamgeukia mwenzake. "Sylvester, huyu anakusikia. Punguza gesi." Akafungua sanduku, akapima mofini kidogo tu, akaichoma kwenye mshipa taratibu. "Hatari ulizosema ni za kweli," akamwambia. "Ndiyo maana tunapima na tunakaa naye. Siyo ndiyo maana tunamuacha aumie."

Haikupita muda, Mama Hosiana akarudisha vidole vyake, akaachia pumzi. Mshipa ulikuwa umerudi kwenye mwendo wa yule mzee anayeenda shamba. Kisu kikaingia, mshipa ukaendelea kutembea tu. Gesi kidogo, farasi katulia, nyama mbovu ikatoka, bega likashonwa.

Halafu ndiyo akasimama! Hakuchachamaa wala nini. Na saa kumi jioni akanya, Daktari Jubilate akapiga makofi, utumbo haujagoma! Watu wazima wanashangilia mavi!

Daktari Sylvester akaja na beseni la maji ya kunawa. "Mama, umejuaje?"

Mama Hosiana akamweleza ile ya kushonwa, yote, mpaka ule ubishi wa mvua. Daktari hakusema umeota. Alisema, "Pole sana, mama."

"Ndaga, asante," akajibu, akanawa, akalia hapo hapo kwenye beseni. Miaka kumi na tisa kuisubiri pole moja! Inauma hiyo.

Mtumie hii kila mwenye mnyama na kila anayeshika kisu, tafadhali.