Mwisho wa Sinema Ambao Sikuuona

Wajukuu zangu hunicheka kwa sababu sinema ikiisha mimi sinyanyuki, nakaa mpaka majina yote ya walioitengeneza yapite na kioo kibaki cheusi, na wakiniuliza nawaambia magoti yananiuma. Si magoti. Ni aibu, na leo acha niitoe, maana wengi waliokuwepo wameshatangulia na mimi sitaki kwenda nayo kaburini.

Miaka ya tisini, hapa Mpanda, pale Majengo, palikuwa na banda la video la bwana mmoja aliyeitwa Shomari: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, na jenereta iliyonguruma nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa nauza vipuri vya baiskeli ng'ambo ya barabara. Kwa kuwa nilifika kidato cha nne na niliweza kusoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya sinema za Kichina, watu walinikalisha benchi la mbele niwafasirie, na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Sikuishia kufasiri, nikaanza na kuhukumu: huyu analia kama anakata vitunguu, yule jambazi risasi moja haiwezi kumwua, na binti huyu kamkubalije mwanamume asiye na hata shamba. Watu walicheka, wakaniita Mwalimu, na kesho yake dukani waliniuliza maoni yangu kabla ya kuuliza tairi.

Siku hiyo ilikuwa sinema ya vita. Askari wanachoma kijiji, kijana anambeba mama yake mgongoni, wanafika mtoni, maji yamejaa. Anamkalisha mama chini ya mti, anamwambia nitarudi, anavuka peke yake. Mimi nikasimama mbele ya kioo, nikasema kwa sauti kwamba siwezi kupoteza muda wangu kumtazama mwoga anayemwacha mama yake, nikatoka. (Nasema ukweli: sikuwa na hasira hata kidogo. Nilitaka watu waone kwamba nina hasira.) Vijana wakanipigia makofi, nikaenda zangu kulala nikiwa nimeridhika, na nusu ya pili ya sinema ikabaki humo ndani bila mimi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Katumba, kwenye makazi ya wenzetu waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Nilikwenda kama mshenga. Mpwa wangu Kalisti, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa amempenda binti wa huko, Esperansi, na kwa kuwa baba hana, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nilifuatana na jirani yangu Kabuje. Baba wa binti, Mzee Rafaeli, mkulima wa tumbaku, mtu mrefu mwenye maneno machache, alitupokea vizuri kabisa. Mkewe akaleta pombe ya mtama, ile inayoongezwa maji ya moto, kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na mzee akasogeza kigoda chake ili mimi nikae karibu na chungu. Tukatoa barua ya posa. Akaipokea, akaiweka mapajani, akanyamaza. Ndiyo desturi, mwenye binti hajibu kwa haraka, na mshenga anayejua kazi yake ananyamaza naye.

Mimi sikunyamaza. Nilivuta pombe, nikaona ule ukimya unataka kujazwa, nikaanza kuwasimulia sinema. Nilisimulia vizuri, nakiri, mpaka watoto wakasogea. Nikafika mtoni, nikamkalisha yule mama chini ya mti, nikamvusha kijana, halafu nikatoa hukumu yangu ileile ya bandani, kwamba mwanamume wa namna ile hafai hata kupewa maji ya kunywa, mimi ningekufa na mama yangu palepale. Kabuje alinikanyaga mguu, nikadhani ni bahati mbaya.

Mama Esperansi aliacha kumimina maji ya moto kwenye chungu. Mzee Rafaeli akatoa mrija mdomoni.

"Mimi nilivuka Malagarasi," alisema. "Mama yangu miguu ilikuwa imevimba. Nilimkalisha kwenye migomba, nikamwambia narudi."

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali, ningepiga magoti, ningeomba radhi, mambo yangeisha. Aliniuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za safari:

"Huyo wa kwenye sinema, alirudi?"

Hapo nilikuwa na njia mbili, na ile ya kweli ilikuwa fupi zaidi: sijui, mzee, nilitoka kabla haijaisha. Lakini nilikwisha kuwatukana watu wazima nyumbani kwao, barua ya mtoto wa dada yangu iko mapajani mwa niliyemtukana, na macho yote yako kwangu. Nikasema, "Alirudi."

"Akamkuta?"

"Alimkuta, mzee. Amezeeka sana, macho hayaoni vizuri, lakini alimtambua kwa sauti." Na kwa kuwa uongo ukishapata mguu unataka na wa pili, nikaongeza kwamba mama alikuwa amemtunzia hata shuka lake.

Mzee aliinama. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine kabisa, akaniambia kwamba jibu la posa angenipa mjini, kwa kuwa anataka kuja Jumamosi kuiona sinema hiyo kwa macho yake. Njiani Kabuje aliniuliza kama ndivyo ilivyoisha kweli. Nikamwambia aendeshe baiskeli.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Shomari nikitaka kuitazama. Akaniambia kanda ameiazimisha kwa banda la Inyonga, inarudi Jumamosi na lori. Wiki nzima nilimwomba Mungu lile lori liharibike, hasara ya watu wengine sikuijali. Lori halikuharibika.

Mzee Rafaeli alikuja Jumamosi kwa gari moshi, amevaa koti lake la kanisani, yeye na mkewe na kaka yake mkubwa. Wakati ule mtu wa makazi hakutoka hivihivi, ilibidi aombe kibali, na mkewe alinieleza kwamba ofisini waliulizwa sababu ya safari, mzee akasema sinema, karani akacheka, mzee akairudia bila kucheka mpaka akaandikiwa. Nilipolisikia hilo ningeweza kusema ukweli. Tulikuwa tumesimama kivulini, watu hawajajaa, ningeweza kabisa. Nikasema banda lina joto, tuwahi kukaa mbele.

Shomari alipoiweka kanda, kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mwalimu, leo utaimaliza? Au utatoka tena nusu?"

Wakacheka wote. Mwingine akasema mwacheni, leo amekuja na wakwe, hawezi kukimbia. Kalisti, aliyekuwa amekaa pembeni na shati jipya, akageuka kunitazama. Mzee Rafaeli naye akanitazama, mara moja tu, kisha akarudisha macho kwenye kioo. Alikuwa ameelewa. Lakini hakusimama, alikuwa amekuja kuona.

Basi nami nikaiona, kwa mara ya kwanza, nikiifasiri. Yule kijana alirudi. Alirudi na mvi, akavuka mto ambao sasa una daraja. Mti umekatwa. Akamuuliza mwanamke anayepita, mwanamke hajui lolote, ni mgeni mahali pale. Akakaa chini pale alipomkalisha mama yake, akaweka mkono ardhini. Maandishi yakaanza kupanda.

"Wanasema nini hapo?" Mzee aliniuliza.

"Ni majina tu, mzee. Majina ya walioitengeneza."

"Hakuna mbele?"

"Hakuna."

Hakuinuka. Watu walitoka wakitupita, majina yakaisha, zikaja chenga za kanda iliyokwisha, na yeye bado anatazama zile chenga kana kwamba ndani yake kuna kitu kitatokea, mpaka Shomari mwenyewe akaona haya kuzima jenereta.

Nje, mbele ya walewale walioniita Mwalimu, alinipa jibu langu.

"Lile tusi lako la kwanza nilikuwa nimelizoea," alisema. "Hata mimi mwenyewe hujitukana hivyo. Lakini wewe ulinirudishia mama yangu wiki nzima, nikalala naye, nikaamka naye, na leo umenifanya nimwache tena." Akafunga vifungo vya koti. "Kijana hana kosa, posa yake nimeikubali. Ila nyumbani kwangu atume mtu mwingine wa kumsemea."

Kalisti alimsindikiza mzee stesheni, na mimi sikuitwa.

Alitumwa Kabuje. Yeye hakujua sinema wala Kiingereza, alikaa kwenye kigoda akanyamaza, mambo yakaenda. Siku ya harusi nilikwenda, mjomba hawezi kukosa. Wazee walizunguka chungu, mirija imesimama, nikasogea. Mzee Rafaeli akamwita binti mmoja kwa upole, akamwagiza aniletee soda na kiti kizuri chenye mto, kiti cha peke yake, mbali kidogo na chungu. Wageni waliona ameniheshimu. Nilikaa pale nikainywa soda yangu mpaka mwisho.

Mzee yule alifariki bila kunikaribisha kwenye chungu kile, na mimi sikuwahi kumuuliza jina la mama yake. Sinema bado natazama, sikatai. Wajukuu wakiniuliza naionaje, nawaambia wasubiri kwanza iishe, na ikiisha, mara nyingi sina la kusema.