Nilimpiga mbwa aliyeniamini, mbele ya watu, Kilifi

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na sitajipamba.

Naishi Gede. Tangu nigongwe na pikipiki, nikiona watu wengi mikono inatetemeka. Hata sokoni nilishindwa kwenda.

Dada yangu akaniletea mbwa jike, Pili. Alikotoka alikuwa anapigwa. Ukiinua ufagio tu, yuko chini ya kitanda.

(Najua kwa wengi wetu hapa pwani mate ya mbwa ni najisi. Majirani zangu pia. Nawaheshimu, simwachi atoke ovyo.)

Kilifi kuna mama mmoja, Mama Kadzo, anafundisha mbwa kuruka vizuizi na kupita ndani ya bomba refu la turubai. Nikampeleka Pili.

"Katana mwanangu," akaniambia, "leo ufito wa kuruka ulale chini kabisa. Akiuvuka, mpe dagaa wa omena. Akikataa, nendeni nyumbani. Usimlazimishe."

Miezi minne tukaenda hivyo. Ufito ukapanda kidogo kidogo. Pili akawa akiona nafunga viatu, mkia hautulii. Na mimi nikaanza kwenda sokoni peke yangu.

Kisha nikataka tuingie mashindano ya mbwa.

"Bado," Mama Kadzo akasema. "Nyote wawili."

Sikusikia.

Siku yenyewe watu walijaa, spika zinapiga kelele. Mikono ikaanza. Pili akanitazama, akalala mbele ya bomba, hataki.

Mtu akacheka. Wengine wakafuata.

Nikamshika ukosi, nikaanza kumsukuma ndani. Alipolia, nikampiga kwa kamba yake. Mara mbili.

Akachomoka mwisho wa bomba, akapenya katikati ya watu, akapotea.

Tulimtafuta siku tatu. Mama Kadzo ndiye aliyemkuta, chini ya gari bovu, mguu umevimba. Nilipoinama kumwita, akajikojolea.

"Mwache kwangu," Mama Kadzo akasema. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Sasa ni miezi miwili tangu siku hiyo. Kila Jumamosi naketi uani kwake nimempa Pili mgongo, natupa omena nyuma yangu. Juzi, mara ya kwanza, nilisikia akitafuna. Kisha kucha zake kwenye saruji, akirudi mbali.

Nilichojifunza ni hiki: aibu ilikuwa yangu, nikamtwika mnyama.

Kama kuna aliyewahi kusamehewa na mbwa, aniambie alifanyaje. Mwenye matusi pia aandike, nitayasoma.