Ndama Chumbani, Mkwe Mlangoni

Hili nimelificha tangu masika yaliyopita, lakini kwa kuwa mke wangu ameshalisimulia kanisani, sokoni na hadi ndani ya kivuko, bora niwasimulie mwenyewe kabla halijaongezwa chumvi zaidi: mimi, mtu mzima, fundi wa majokofu ninayeheshimika pale soko la samaki la Mwaloni, nimewahi kumwamkia baba mkwe nikiwa nimejifunga kanga.

Wakati huo nilikuwa nalala Kirumba, mjini, chumba kimoja na mafundi wawili wanaokoroma kwa zamu, na mke wangu Nyamizi, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa bado kwa baba yake huko Geita kwa sababu sikuwa na pa kumweka. Mzee alishasema neno lake: binti haondoki mpaka yeye mwenyewe aje akione chumba. Nikashauriwa nivuke maji niende Kamanga, kule watu wanalima na kufuga lakini asubuhi wanapanda kivuko kwenda kazini mjini, na kodi yake hata fundi anaiweza. Nikakipata kwa Mama Kabula, mjane mwenye shamba la mihogo na ng'ombe mmoja wa kienyeji. Chumba kikubwa, dirisha linatazama ziwa. Nilikipenda hapo hapo.

Mama Kabula hakuniuliza kazi wala dini. Aliniuliza kama nawajua ng'ombe, maana wapangaji wa mjini walikuwa wakimkimbia kwa sababu ya harufu ya zizi, naye alitaka mtu wa kumsaidia siku moja moja. Mimi ni wa Muleba, kwetu ni migomba mpaka mlangoni, ng'ombe nilimjua akiwa kwenye sahani (na siku za sikukuu tu), lakini nilishaona kitanda cha Nyamizi kitakaa wapi, nikajibu kwamba hao nimekua nao. Uongo mdogo tu.

Nikahamia. Basi Jumamosi moja mzee akapiga simu kwamba anafika kabla ya saa sita, na Mama Kabula alikuwa na msiba kwa jirani, akaniachia ndoo na kamba akasema nimkamue ng'ombe ili mkwe akute chai ya maziwa. Hapo ningesema kweli. Sikusema. Nikaenda zizini nikamkuta ndama anamnyonya mama yake kwa fujo, nikajisemea kumbe huyu ndiye mwizi wa maziwa ya mkwe wangu, nikamkokota mpaka chumbani kwangu, maana ndiko kulikuwa na komeo la maana, nikamfungia, nikarudi na ndoo yangu kifua mbele. (Wasukuma najua mmeshashika vichwa. Kwa wengine: ng'ombe wa kienyeji hateremshi maziwa mpaka ndama wake aanze kumnyonya.)

Nikavuta, nikabembeleza, nikaimba hata wimbo wa kwaya. Hakutoka tone. Ile kamba nilimfunga shingoni, kumbe ni ya miguu ya nyuma, na hilo nililijua baada ya teke lililoniangusha kwenye samadi mbichi na suruali yangu ya kumpokelea mkwe. Nikaivua, nikailoweka kwenye ndoo, nikajifunga kanga ya Mama Kabula iliyokuwa imeanikwa (maandishi yake siwaambii), nikakimbilia chumbani kuvaa nyingine. Nilikuwa nimechelewa. Ndama alikuwa analia, mama yake ameshavunja zizi na kusimama mlangoni kwangu, na kila nikisogea ananigeuzia pembe. Kisha akaanza kuupiga mlango kichwa.

Kivuko nacho kilikuwa kimeshusha abiria, na njia yao inapita mbele ya nyumba, kwa hiyo wakasimama wote: akina mama wa dagaa, vijana wa bodaboda, mwalimu na mwavuli wake. Mmoja akanishauri nimwombe ng'ombe msamaha. Hapo nikamwona mzee anapenya katikati yao, koti, kofia na fimbo, na macho yake yakaanzia kwenye kanga. Mkwe ni mtu wa kuonea haya hata kukohoa mbele yake. Nikachutama, nikashika kanga kwa mikono miwili, nikasema shikamoo baba.

"Marahaba," akaitikia. "Ndama yuko wapi?"

"Chumbani, baba."

"Chumba cha binti yangu?"

Kabla sijajibu bawaba ziliachia, mlango ukaanguka, na umati mzima ukamwona ndama juu ya godoro jipya akitafuna pazia alilolishona Nyamizi. Mzee alivua koti lake, akanipa bila kunitazama, akamtoa ndama, akamwacha anyonye kidogo, akamfunga ng'ombe miguu na kumkamua mpaka ndoo nyingine ikajaa nusu, huku watu wakimpigia makofi.

Mama Kabula akarudi na kuukuta mlango wake chini. Niliogopa kuliko nilivyoogopa pembe. Nikamwambia mbele ya wote, "Mama, nilikudanganya. Sijawahi kukamua hata mbuzi. Nilikitaka chumba kwa ajili ya mke wangu."

Aliitazama kanga yake, akasema, "Ungesema hujui ningekufundisha. Hata mimi nilipoolewa hapa nilikuwa sijui." Kisha akamgeukia mzee na kumuuliza yeye anaonaje.

Mzee akaingia, akagonga ukuta, akachungulia dirishani.

"Chumba nimekiona," akasema. "Kikubwa, hata ng'ombe anaingia. Jumamosi ijayo namleta. Mlango uwe umesimama."

Mlango niliusimamisha siku ile ile, na Nyamizi akaja. Sitadanganya tena kwamba najua nisichokijua, nimeapa. Mtoto wetu alipozaliwa, muuguzi alimleta nje amefungwa vitenge, akaniuliza kama najua kumpakata mtoto mchanga. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi wananitazama. Nikamwambia sijui, nionyeshe.

Akanionyesha.