Nilimwita Mkaza Mwanangu Mchawi, Kumbe Anatafuta Siti ya Baiskeli

Mimi ndiye mwenye makosa. Naanza na hilo ili usije ukahangaika kunitafutia kisingizio. Na pole zako kaa nazo, sizitaki! Nimemzulia uchawi mke wa mwanangu wa kuzaa, kwa kipande cha boksi na kamba. Mtu mzima mimi, niliyekaa chuoni nikasomeshwa haramu na halali. Mbwa mimi!

Jina langu halikuhusu. Nakaa Malindi, mji wa kale, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Huyo mkaza mwanangu nitamwita Kadzo, lakini si jina lake. Kwao ni Adu, Magarini huko, watoto wa wakulima. Mwanangu alipomleta sikumtaka. Nasema waziwazi, sikumtaka! Nilikuwa nimeshamwekea binti wa ndugu yangu. Kadzo akasilimu, akaolewa, akaja kukaa na mimi, maana mwanangu anafanya kazi Mombasa na huja mwisho wa mwezi tu. Kila asubuhi, "Shikamoo mama." Nami naitikia marahaba huku nimegeuza uso.

Kazi yake ni kuwazungukia waja wazito na waliojifungua karibuni, hasa kule mtaa wa Kisumu Ndogo. Anawahimiza kliniki, anawatazama watoto wachanga, anaandika. Sasa kazi ile yote ni kufunguliwa mlango. Mama asipokuamini hakufungulii, wala hakuonyeshi mtoto wake. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, usidhani sikujua.

Basi kazini wakampa baiskeli. Lo! Nilivyoichukia baiskeli ile! Mke wa mwanangu, kavaa dera, kajitanda leso, anapita mbele ya baraza ya wanaume katagaa! Sisi tulikuwa tukibebwa kwa baiskeli tunakaa upande, miguu pamoja, uso kwa adabu. Nikamwambia, "Utatuvunjia heshima." Akanijibu kwa upole kwamba kwa miguu hawezi kuwafikia wote. Upole wake nao ulikuwa unanikera.

Siti ya baiskeli ile ilikuwa ya kiume. Ngumu, nyembamba, na pua yake imeinuka. Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Mimi nilichokiona ni kwamba baada ya wiki mbili tatu Kadzo alianza kukaa upande kwenye mkeka. Akiinuka, anainuka kwa kujikongoja. Nikasema moyoni, haya, uvivu huo umeanza.

Siku moja nikamwita akune nazi. Akaja, akaitazama mbuzi, akasema, "Mama, naomba leo nisikalie mbuzi."

"Utakuna vipi? Umesimama?" Mbuzi ya nazi hukaliwa, ndivyo ilivyo tangu tuzaliwe.

"Naumwa kidogo, mama."

"Wapi?"

Akainamisha uso.

Hapo nisikilize vizuri. Kwetu mkaza mwana hamtajii mavyaa wake maungo ya chini. Mimi ni mama wa mume wake, ananionea haya, na haya zenyewe ndiyo heshima. Ndiyo maana mwari hupewa somo, mwanamke wa kumwambia yale yasiyosemeka, naye somo ndiye anayeyafikisha kwa wakubwa. Kadzo hakuwa na somo hapa mjini. Mwenye kazi ya kumtafutia alikuwa nani? Mimi! Na sikumtafutia. Nilisema watu wa mashamba hawana mambo hayo, kwa nini nijisumbue?

Nikamwambia, "Kama baiskeli unaikalia, na mbuzi utaikalia."

Akaikalia. Akakuna nazi mbili, machozi yanamtoka, nami nimesimama pale mlangoni namtazama. Nilidhani ni jeuri. Wallahi nilidhani ni jeuri!

Baada ya hapo nikamwona kakata sponji ya godoro kuukuu, kaifunga juu ya siti kwa mfuko wa plastiki. Mimi na jirani yangu Bi Rukia tulicheka mpaka tukashika mbavu. "Kapakia kitanda huyo!" Kumbe sponji ile ilimzidishia. Akikaa inazama, katikati panambana zaidi, na joto letu hili la pwani, jasho, mchanga. Alimwendea fundi baiskeli, na fundi, mjinga mwenzangu, akamwambia siti zote ni moja, atazoea. Azoee nini! Mwanamume hajui mwanamke anakalia nini, na wala hakuuliza.

Sasa nakuja kwenye uchafu wangu.

Asubuhi moja Kadzo kaenda kazini, mimi nikaingia chumbani kwake. Usiniulize nilifuata nini. Nilikwenda kupekua! Chini ya kitanda nikakuta kipande cha boksi. Kina mashimo mawili yamebonyea, kila shimo limezungushiwa mkaa. Katikati pamepigwa mstari. Juu yake kuna kamba yenye mafundo mawili. Na pembeni, kwa kalamu, jina kamili la mwanangu.

Mwili ukanisisimka! Nikakaa pale sakafuni. Mkaa, mafundo, jina la mtoto wangu! Nilikuwa na nini tena cha kufikiri? Mtu wa mashamba, nikasema, hawa ndivyo walivyo, mwanangu keshafungwa kwa uchawi. Tazama fikira zilivyonijia upesi. Zilikuwa zimeshakaa tayari ndani yangu, zinangoja boksi tu.

Nikalipeleka kwa Bi Rukia limefunikwa na leso. Akalitazama, akatema mate pembeni. "Kafungwa, shoga yangu. Ndiyo maana humwambii kitu akasikia."

Lakini simtupii Bi Rukia lawama. Yeye alisema mle ndani. Aliyeyatoa nje ni mimi. Niliyasema kwa muuza samaki. Niliyasema msibani, mbele ya maiti ya watu, subhanallah! Niliyasema kwa mwanamke wa Kisumu Ndogo anayeniletea kuni, nikijua anakaa wapi na Kadzo anafanya kazi wapi. Nilimwambia, "Angalieni watoto wenu."

Haikufika wiki. Kadzo akarudi mapema, kaikokota baiskeli kwa mkono. "Mama, leo sikufunguliwa. Kila nikibisha, wamo ndani nawasikia, hawafungui. Mmoja nimekutana naye njiani, kamfunika mwanawe uso."

Nikamjibu, "Labda wamekujua."

Akanitazama. Hakuelewa. Ningeweza kusema pale pale, ningeweza kumuuliza lile boksi ni la nini, tukayamaliza wawili. Sikutaka! Nilitaka kikao, nilitaka watu.

Ijumaa, baada ya alasiri, nikamwita kaka yangu, na Bi Rukia na mumewe. Nilijua mwanangu anafika jioni hiyo, nikataka akija akute mambo yamekwisha. Tukamweka Kadzo kitako kwenye mkeka katikati yetu. Nikalirusha boksi mbele yake. "Eleza!"

Akaliona, akashtuka. Akafungua mdomo. Akamtazama kaka yangu, akamtazama mume wa Bi Rukia, akaufunga tena.

"Siwezi kusema mbele ya wazee, mama. Naomba nikwambie ndani."

"Mmemsikia?" nikapiga kelele. "Hana la kusema! Eleza hapa hapa, kila mtu asikie!"

Akajifunika leso usoni, akalia. Kaka yangu akaanza kumhoji kwa ukali, ni nani kampa, ni mganga gani, mwanangu kamtendea nini. Naye kakaa upande vile vile, anahamia paja hili, anahamia lile. Nami nikiona anavyohangaika nikajisemea, dhambi hiyo inamchoma.

Ndipo mwanangu akaingia, na mfuko wake wa safari na kifurushi cha gazeti. Akasalimu, akatutazama mmoja mmoja. Kaka yangu akamweleza kwa ufupi, akamwonyesha boksi.

Mwanangu akaweka mfuko chini. Akalirarua gazeti. Ndani yake mna siti ya baiskeli, pana kwa nyuma, pua fupi, na katikati imechimbwa mfereji. Akaiweka juu ya boksi. Sehemu mbili pana za siti zikaja sawasawa juu ya yale mashimo mawili.

"Haya. Uchawi wenyewe huu hapa."

Akatueleza kwa hasira. Kazini kwa Kadzo kuna mama mmoja, mkubwa wake wa kazi, aliyemwambia kwamba mwanamke mifupa yake ya kukalia imeachana kuliko ya mwanamume, basi na siti iwe ya kipimo chake. Unakalia boksi juu ya ubao mgumu, mifupa inabonyeza, unazungushia alama kwa mkaa, unapima kwa kamba kutoka shimo hadi shimo, ukiipiga fundo kila mwisho. Boksi lilikuwa lipelekwe Mombasa kwa basi, ndiyo maana likaandikwa jina la mpokeaji. Mwisho wakaona kipimo kinatosha kutajwa kwa simu. Mwanangu akazunguka kwa wauza baiskeli za mitumba, kila akitoka kazini, mpaka akaipata.

"Mke wangu ana vidonda, mama! Vidonda huko anakokalia! Hata haja ndogo anaenda akilia. Na nyinyi mmemkalisha chini hapa tangu alasiri!"

Lo, aibu! Kaka yangu akatazama dari. Mume wa Bi Rukia akaanza kutafuta viatu vyake. Na Kadzo, badala ya kupumua kwamba ametakasika, akalia kuliko kwanza. Maana lile alilolificha kwa adabu, akalivumilia mpaka juu ya mbuzi yangu, sasa limesemwa mbele ya wanaume wasiomhusu. Na aliyesababisha likasemwa ni mimi!

Asubuhi walifunga vitu vyao. Nikasimama mlangoni nikiwatazama. Kadzo ndiye aliyekuja kwangu. Hakuacha kunipa shikamoo hata siku hiyo.

"Mama, nilitaka kukwambia. Nilikuonea haya. Nilidhani ndivyo mavyaa anavyoheshimiwa."

Basi. Akabeba mzigo wake akatoka.

Sasa wamehamia Matsangoni, mbali na mji huu. Nasikia vidonda vilipona na siti ile inamfaa, anakwenda mbali bila taabu. Lakini anakwenda wapi? Maneno yangu yalimtangulia kila mlango. Ile kazi ya akina mama wameichukua wakampa mwingine, kwa kuwa hafunguliwi. Baiskeli wamenunua yao, anauzia mboga. Mwanangu hunipigia Idi kwa Idi, ananiuliza hali, anakata.

Nimejaribu kuyarudisha. Usidhani nilikaa tu. Nilikwenda Kisumu Ndogo kwa miguu yangu, magoti haya yakiniuma, nyumba hadi nyumba, nikabisha, nikasema, "Nilisema uongo. Yule binti ni msafi, mchafu ni mimi." Wengine walicheka. Wengine walinipa maji, wakaninyamazia.

Nyinyi mlio na wakaza wana majumbani, nawaambia hivi. Binti akikwambia anaumwa, na ukimuuliza wapi anainamisha uso, mtafutie mtu wa kumwambia siku hiyo hiyo. Ukikuta kitu chake usichokijua, muulize yeye, mlango umefungwa, wawili tu. Na kama roho yako inakuwasha useme nje, jing'ate ulimi utoke damu! Usije ukafanya nilivyofanya ukadhani utakwenda kuomba radhi yaishe.

Maana nyumba ya mwisho niliyobisha siku ile, alitoka mama kijana kampakata mtoto mchanga. Nikamweleza yote, nikalia mbele yake. Akanisikiliza kwa huruma mpaka mwisho, kisha akanishika mkono akaninong'oneza, "Masikini bibi. Naona na wewe keshakufunga."