Paka Niliyemvusha Likoni

Sinywi pombe, sivuti chochote, na Ijumaa ile sikuwa na homa. Nasema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kwa kuniuliza hayo, halafu hucheka. Cheka tu, lakini nisikilize mpaka mwisho. Kisa hiki hakikumpata rafiki wa rafiki yangu. Kilinipata mimi, mchana kweupe, hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na ushahidi ninao mguuni.

Kwetu ni Taita, milimani, kwenye baridi. Huku nafanya kazi bandarini zamu ya usiku, kwa hiyo mchana ndio usiku wangu. Nimepanga chumba cha juu kwa Bi. Rukia, mjane anayenichukulia kama mwanawe. Kosa lake pekee, nilivyoona siku hizo, lilikuwa paka wa mtaani. Kila asubuhi huwawekea vichwa vya samaki mlangoni. Wanakuja wa kila rangi, wanakula, wanapigana, na mimi huko juu nimejifunika mto masikioni.

Mmoja alinizidi. Alikuwa jike wa rangi ya majivu, mwembamba, asiye na haya hata kidogo. Aliingia dirishani, akala samaki wangu sufuriani, akatoka. Nikimfukuza, anarudi. Nilijiuliza, ana nini huyu na chumba changu? Ningejiuliza kwa makini zaidi, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Wenzangu kazini wakanipa dawa yake: mtie guniani, mvushe maji. Paka akishavuka kivuko hajui njia ya kurudi. Wengi hufanya hivyo, na hulala usingizi wao vizuri tu. Basi Alhamisi asubuhi nilitoka kazini nikamkuta chumbani, nikamrushia gunia. Kamba sikuwa nayo. Nikachomoa ile ya buti langu la kulia, nyeusi yenye madoadoa ya manjano, nikafunga mdomo wa gunia, nikapanda feri. Alilia njia nzima. Watu walinitazama, mimi nikatazama maji. Kule Likoni nililiweka gunia nyuma ya vibanda, nikalegeza fundo, nikaondoka haraka kabla hajatoka. Kamba niliiacha hukohuko.

Nikaja nikalala. Usingizini nilisikia vilio vyembamba, nikadhani ni ndege ukutani. Usiku nilikwenda kazini nimefunga buti kwa kipande cha waya.

Sasa njoo Ijumaa, saa saba kasoro. Unajua Mji wa Kale wakati wa hotuba ulivyo: wanaume wote msikitini, maduka yamefungwa, vichochoro kimya. Bi. Rukia alikuwa amekwenda Majengo kwa bintiye. Mimi Mkristo nimelala. Nikasikia hodi mara tatu, sauti ya kike, ya adabu. Nikajibu "Karibu" nusu usingizini, nikashuka kufungua.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa buibui lililopauka hadi likawa kama majivu. Alikuwa ameloa chapachapa. Maji yalimtiririka mpaka kizingitini, na juu jua linawaka, wala mvua hatukuwa tumeiona kwa wiki nzima.

"Mwenyewe hayupo, mama," nikamwambia.

"Simtaki mwenyewe. Nimefuata wanangu."

"Hapa hakuna watoto."

"Wako, baba. Wana ndaa, na maziwa yaniuma. Natoka ng'ambo, sikupata wa kunivusha."

Hakunitukana, hakupandisha sauti. Laiti angenitukana! Alinyoosha mkono, akanitilia kitu kiganjani. "Shika kamba yako," akasema.

Nikaangalia. Nyeusi, madoadoa ya manjano, imelowa. Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Niamini, kichochoro chote kilikuwa kitupu, kushoto na kulia. Lakini nyuma yangu ngazi zilikuwa zimelowa, kidato kwa kidato, mpaka chumbani kwangu.

Nilipanda mbio. Chini ya kitanda nina begi nililokuja nalo kutoka kwetu, na ndani yake sweta aliyonifumia mama, ambayo kwa joto la Mombasa sijawahi kuivaa. Zipu ilikuwa wazi. Yule paka wa rangi ya majivu alikuwa amejilaza juu ya sweta, ameloa, akiwalamba watoto wanne. Watatu walikuwa wananyonya. Wa nne alimlamba, akamlamba, wala hakuamka.

Nilikaa sakafuni nikalia. Sioni haya kukwambia.

Bi. Rukia aliporudi nilimweleza yote. Nilidhani atapiga kelele au atamwita shehe. Aliniuliza tu, "Ulipomtia guniani, hukumtazama tumbo lake?"

"Sikumtazama, mama."

"Na alipobisha hodi, ulimwambia karibu?"

"Nilimwambia."

"Haya basi. Ushamkaribisha mwenyewe. Mwandalie."

Nikamwandalia, chakula changu chote cha jioni hiyo. Yule mdogo tulimzika uani, nimemfunga ndani ya mkono mmoja wa sweta niliokata. Mama akinipigia simu kuuliza kama sweta naivaa, humwambia inatumika sana.

Utasema paka anajua kuogelea. Sawa, aliogelea. Na hodi alipiga nani? Na kamba? Ndiyo hii ninayofungia buti langu mpaka leo, itazame.

Sasa kuwawekea samaki mlangoni ni kazi yangu, na jirani zangu wananiita Baba Paka. Tumekubaliana kwamba gunia la paka halitoki tena katika mtaa huu. Daktari wa mifugo huja barazani, mimi nawashika, naparurwa, yeye anawachanja na kuwafunga uzazi. Vita vya asubuhi vimepungua. Silali kama matajiri wa Kizingo kwenye mtaa wao wa kimya, lakini nalala, na yule wa majivu hulala miguuni kwangu.

Kwa hiyo wewe mwenye gunia mkononi, nakuomba, kabla hujalifunga mgeuze paka umtazame tumbo. Chuchu zikiwa zimejaa, kuna wanaomngoja mahali, na huenda ni chini ya kitanda chako. Mimi mgeni wangu alikuja kwa hodi na adabu, tena akanirudishia kamba yangu. Lakini kwa mtoto mmoja alichelewa, na aliyemchelewesha ni mimi.