Dalenda na Maji ya Moto Aliyokatazwa

Mvuke umeshajaa chumbani, na Dalenda anaimba. Ameinama ukingoni mwa birika la maji ya moto, nguo kaifunga magotini, macho hayabanduki kwenye vinywa vya wanawake waliomo ndani. Akimaliza ubeti, wao wanaitikia. Mmoja wa pembeni anaruka maneno, kisha anacheka ovyo.

"Toka, mdogo wangu," Dalenda anamwambia. "Ulimi umeshaanza kulewa."

Yule mama anabisha, eti wimbo kausahau tu. Wapi! Dalenda anamshika kwapani, anamkalisha kwanza kwenye ngazi asije akasimama ghafla akaanguka, kisha anampa maji ya kunywa na kipande cha chungwa.

Hivyo ndivyo anavyowachunga wanawake wa El Hamma, kusini mwa Tunisia, katika bafu hili la chemchemi kwa miaka thelathini na ushei. Wimbo wa arusi ukiisha, wote nje. Anayepotea katikati, nje kabla ya wenzake. Mwenye mimba haingii kabisa, na mwenye njaa anarudishwa akale kwanza.

"Moto haupigi hodi," ananiambia mimi niliyekuja kuandika habari zake. "Unajiona uko peponi, kumbe kichwa kinakwenda."

Kazi alirithi kwa mama yake, marehemu Mabruka, enzi zile Alhamisi za maharusi bafu likijaa hadi watu wanakaa mlangoni na vikapu vyao vya mayai ya kuchemsha. Siku hizi wasichana wanakuja wawili wawili, na simu mkononi. Dalenda anawafukuza na simu zao, kisha anashusha pumzi. Anazikumbuka kelele za Alhamisi zile. Zaidi anaikumbuka siku yake mwenyewe, alipopakatwa majini na mama yake, kama ada inavyotaka, akaoshwa nywele kwa mara ya mwisho akiwa mwana wa nyumbani.

Ndiyo maana mwaka huu umemuuma. Majira ya baridi yaliyopita daktari alimpima presha, akaikuta imepanda, akamkataza maji ya moto. Kuchunga wengine ukingoni, sawa. Kuingia, hapana. Na leo, wateja wakishaondoka, anayekuja kuogeshwa ni Ahlam, kitindamimba wake, anayeolewa kesho.

Shangazi wa bibi arusi wamemsihi Dalenda awaachie wao kazi hiyo. Thubutu!

"Dada zake wote nimewapakata mwenyewe," ananiambia, akifungua kilemba. "Huyu wa mwisho nimwachie nani?"

Anateremka. Maji yanamfika kifuani, anampakata binti yake, na wimbo unaanza. Ubeti wa kwanza sauti ni ile ile. Wa pili, pale anapotajwa nyanya wa bibi arusi, Dalenda ananyamaza katikati ya neno.

"Mama, toka," anasema Ahlam.

"Ni machozi tu, mwanangu. Nimemkumbuka mama."

"Kila mtu huwa na lake la kujitetea, Mama. Na wewe huwa humsikilizi mtu."

Dalenda ananyanyuka taratibu, kashikwa huku na huku, na Ahlam anatoka naye. Shangazi wanalalama kwamba bibi arusi hajaoshwa nywele. Hasikii la mtu. Anamketisha mama yake chumba cha nje penye hewa, anamnywesha maji, kisha anachota ya vuguvugu na kuanza kumwosha yeye nywele. Mimi kalamu ilinishinda. Nililia kama mtoto.

Pumzi zilipomtulia, nilimuuliza Dalenda kama anajuta. Kidogo, alisema, maana utamu wa maji yale hausimuliki. Lakini Ahlam naye, Mungu akijalia, atazaa, na siku ya arobaini ataletwa hapa kama kila mzazi wa mji huu. Mzazi na kichanga chake hawasogezwi karibu na birika la moto. Wana lao dogo kule pembeni, maji ya vuguvugu.

"Hayo hata daktari hana la kusema," alisema Dalenda. "Nitakaa humo nao mpaka vidole vijikunje."