Sahihi ya Mjomba

Yule mfanyabiashara wa mbao alipokuja nyumbani kwangu mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, mwaka juzi, akakaa kwenye kiti nilichomwonyesha na kuniita papa, yaani baba, nilijua Mungu amenisikia. Nilikuwa nimeomba miaka mingi arudi. Sikuomba atubu. Niliomba arudi tu, mengine ningeyafanya mwenyewe.

Lakini lazima nianze na kosa langu, maana bila hilo kisasi changu hakieleweki.

Mama yangu alitoka Kasenga, upande wa Luapula. Kwao ardhi hufuata tumbo la mama. Mjomba wetu alipofariki, neno la msitu wa ukoo lilibaki kwangu, ingawa nilikuwa mtu wa mjini, karani katika wakala wa forodha, nikijaza karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyebaki kijijini. Yeye na wenzake waliishi kwa vinkubala, wale viwavi wa msituni ambao hapa Lubumbashi tunawanunua wakiwa wamekaushwa. Kila mwaka msitu ulifungwa mpaka viwavi wakomae, na hakuna aliyeruhusiwa kuokota kabla mjomba hajaonja. Kwa kuwa mjomba nilikuwa mimi, dada alikaanga sahani ya kwanza, akaitia katika ndoo ndogo yenye kifuniko na kuikabidhi kwa dereva wa basi. Nilionja sebuleni, nikapiga simu: "Fungueni."

Wakati ule serikali ilikuwa imeweka sheria kwamba mukula, ule mti mwekundu unaotakiwa sana ng'ambo, usiuzwe nje bila karatasi inayoonyesha ulikatwa wapi, kwamba wenye msitu walikubali, na kwamba miche imepandwa mahali pake. Ilikuwa sheria nzuri. Niliisoma yote, ndiyo ilikuwa kazi yangu, na kwa sababu niliisoma nilijua pia inapovuja. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Sahihi ya mwenye msitu ilitosha.

Yule mfanyabiashara aliahidi kukata mukula tu, mmoja mmoja, na kupanda. Nikatia sahihi ya kwanza. Baada ya miezi michache akaniletea ya pili, imeshapigwa chapa: miche imepandwa na imeshika. "Ni ka formalité tu, papa," aliniambia, yaani utaratibu tu wa karatasi. Nikaandika jina langu bila kuinuka kitini. Wiki ileile mafundi wake walikuja kubadilisha bati la nyumba yangu. Sikuuliza kwa nini. Nilijua.

Wakataji wa mukula walifungua njia za malori. Nyuma yao wakaingia wachoma makaa, na hao hawachagui mti; hata ile inayolisha vinkubala waliikata. Mwaka uliofuata ndoo ilikuja nusu. Mwaka mwingine haikuja. Dada, ambaye huniita yaya, kaka mkubwa, akanipigia simu.

"Yaya, banasema ni miye nilifukuza vinkubala. Ati juu natumaka sahani ya kwanza mu bus, katikati ya bantu benye hatujue."

"Hayo ni maneno ya wanawake," nikamjibu.

Wenzake walimwondoa katika kikundi chao. Walipokwenda misitu ya mbali kuokota, hawakumwita. Nilimwacha abebe mzigo ule miaka yote hiyo, nami nikilala chini ya bati lisilovuja. Sahihi ilikuwa kosa. Kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi.

Sasa yule bwana alikuwa amekaa mbele yangu, amenenepa, anataka kilima. Ndicho kipande pekee cha msitu wetu kilichobaki, kwa sababu lori halikuweza kukipanda. Sasa alikuwa na mashine ya kuvuta magogo.

"Papa, ni weye njo mwenye kilima, si ndiyo?"

"Njo miye."

"Kuko karatasi ya kutia sahihi. Bantu ba biashara ya inje banasumbua siku hizi. Banunuzi bao banauliza maswali, na serikali inataka kuona miti yenye tulipanda kule kwa zamani."

"Na mulipanda?"

Akacheka, akanipiga bega. "Si weye uliandika tulipanda?"

Nami nikacheka. Nikamwambia sahihi ya kilima haitiwi mjini, desturi inataka itiwe palepale mbele ya watu, na kwamba alete na mtu wa serikali ashuhudie. Alifurahi sana. Njiani kwenda kijijini alinunua vitenge vya kuwagawia wanawake. Mimi nilikaa kiti cha mbele cha gari lake na kumwangalia akiendesha, nikiwa na amani niliyoikosa hata kanisani.

Mtu wa serikali alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya mpira na daftari. Tulikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, dada yangu akiwa amekaa pembeni, mbali na wanawake wengine. Nikamwomba yule mama aanze na karatasi ya zamani. Akasoma: miche imepandwa na imeshika.

"Twende tukaione," nikasema.

"Tutachelewa, papa," akasema mfanyabiashara.

"Kuko karibu tu."

Nilijua njia fupi. Niliwapitisha ile ndefu, ya matope, kwa sababu alikuwa amevaa viatu vizuri.

Mahali penyewe palikuwa visiki, nyasi, na mabaka meusi ya duara ambapo matanuru ya makaa yalikuwa. Nikamwambia bwana amwonyeshe mama miche. Alitazama huku na huku, kisha akanyoosha kidole kwenye kichaka.

"Ile ni chakula ya mbuzi, patron," mwanamke mmoja akamjibu bwana mkubwa.

"Labda balipanda visiki," akasema mwingine, na wote wakacheka. Kicheko kile bado ninacho. Nikikosa usingizi nakisikiliza.

Ndipo akanigeukia. "Mama, uliza huyu muzee. Sahihi ni yake."

Yule mama akanipa karatasi. "Papa, ni yako?"

Mpaka dakika ile dada yangu hakujua chochote. Ningeweza kusema sahihi imeghushiwa, na kila mtu pale angeniamini mimi kuliko yule bwana. Lakini angeleta wakili, angesema mimi ni mzee anayesahau, kesi ingezunguka ofisini na mashine ingepanda kilima. Uongo ule ungeweza kuuawa tu na mtu aliyeuandika. Hayo niliyafikiria, ndiyo. Ila sitajipamba. Nilimchukia kuliko nilivyojipenda, basi.

"Ni yangu," nikasema. "Sikuja kuangalia. Na bati la nyumba yangu alilileta yeye. Andika na hilo."

Aliandika. Kilima kilikataliwa siku ileile. Karatasi zake nyingine, ambazo nilimjazia enzi zile nikiwa karani na nakala zake nilizitunza, nilimpelekea yule mama mwenyewe, faili baada ya faili, mpaka malori yake yakazuiwa yote uani kwake mjini. Siku hizi nikienda sokoni ninazunguka makusudi ili nipite pale. Matairi yameanza kulala.

Dada alinifuata siku ile tuliporudi uwanjani.

"Kumbe ni weye."

"Njo miye."

"Miaka yote hii naomba radhi kwa bale bamama. Na unanyamaza."

Nikamwambia Jumapili nitasimama kanisani nieleze yote.

"Hapana. Kule bantu banasamehe mbio. Utaenda nyumba kwa nyumba."

Nilikwenda. Katika nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba alikuwa anamenya muhogo, akanisikiliza bila kuacha kumenya wala kunipa kiti. Nyumba nyingine walinifungia mlango, nikasema nikiwa nje. Ya mwisho ilikuwa ya yule aliyemsema dada kuliko wote, mwanamke mzee kama mimi. Alitaka kujua habari za kilima. Nikamwambia kimebaki.

"Na ule patron?"

Hapo ulimi wangu ukapata nguvu. Nilimweleza viatu, kichaka, malori, nikarudia kichaka. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ya patron nimesikia. Rudilia ya dada yako."

Nikaanza tena, nimesimama, kuanzia sahihi ya kwanza.